Bima ya Mtoto Mwenye Mkia

Mhariri amenionyesha barua zenu. Mmoja wenu wa Gerezani anasema mtu kama mimi angefaa kupigwa viboko hadharani, na mama mmoja wa Ilala ananiombea niote jipu mahali pasipokalika. Sawa. Nimezisoma zote na sina la kubisha. Ila mtu wa kwanza kunitukana ni mimi mwenyewe, kila asubuhi ninaponyoa ndevu, kwa hiyo msidhani mmeniwahi.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Mimi ni Theophil, mtu wa Kibosho, nauza viazi na vitunguu kwa jumla Mtaa wa Msimbazi. Mke wangu ni Winifrida. Tumezika watoto wawili, wote wachanga, na baada ya yule wa pili Winifrida aliacha kuimba kanisani, akaacha na kucheka. Mwezi wa Januari, siku ya Mtakatifu Polycarp, memsahibu wa Upanga ambaye Winifrida alikuwa akimfulia nguo alirudi kwao Ulaya, akamwachia kitoto cha mbwa. Winifrida akakiita Poli, kwa jina la siku, kama tunavyowaita watoto wetu. Akaanza kucheka tena.

Tatizo lilikuwa nyumba. Tumepanga chumba kwa Mzee Uwesu, mtu wa Kilwa, mstaarabu hasa, na aliponikaribisha alinipa sharti moja tu: mbwa asikanyage uani kwake, maana pale watu wanatawadha na vyombo vya nyumba nzima vinaoshwa pale. Nilimpa mkono. Kisha nikamficha mbwa chumbani.

Wiki iliyopita niliwaacha jaani. Nilikuwa na desturi ya kumtoa Poli alfajiri ndani ya kikapu cha viazi, nikamnyooshe miguu karibu na jaa la soko. Siku ile nikakutana na mteja wangu, soga zikanoga, nikalegeza kamba. Jibwa limekonda, mate yanalichuruzika, likamrukia Poli likamtia meno sikioni. Nikalifukuza kwa mateke. Nyumbani nikamwambia Winifrida kwamba Poli amejikwaruza kwenye kikapu.

Huo ulikuwa uongo mdogo. Sasa sikilizeni ulivyozaa.

Neno bima lililetwa na Winifrida. Memsahibu wake aliwahi kumwambia kwamba kwao hata mbwa ana bima, akiugua kuna kampuni ya kumhangaikia. Nilicheka. Lakini lile sikio lilikuwa haliniondoki akilini, nikajisemea, kuuliza si dhambi.

Nikaenda Mchafukoge kwa wakala mmoja wa bima, Mgoa, Bwana Lobo, ana ofisi ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alinipokea vizuri akidhani nakuja kwa habari ya duka. Nilipotaja mbwa aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba wao hukatia bima magari, maduka, marobota ya nguo na roho za watu, na kwamba ameshasikia habari ya farasi wa mashindano huko Nairobi. Mbwa wa Kariakoo hajamsikia bado. Lakini mtu wa biashara ni mtu wa biashara, akasema anaweza kuwauliza wakubwa zake, ila watataka kujua mambo mawili matatu. Analala wapi? Mwenye nyumba anajua? Amewahi kuumwa na mbwa mwingine?

Nikakumbuka ghafla kwamba nimeacha duka wazi.

Siku ya pili nikaenda kwa Bwana Mifugo, mbali huko nje ya mji njia ya Pugu. Nilikwenda peke yangu, maana hakuna dereva wa teksi anayekubali mbwa kwenye viti vyake. Nilimkuta kijana mpole, Benjamini, amevaa koti jeupe lenye damu ya ng'ombe. Huyu hakucheka. Alisema bima ya mbwa ni sindano ya kichaa na kibati cha shingoni, hakuna nyingine, nimlete tu. Kisha akaniuliza kama mbwa wangu ameumwa na mbwa yeyote.

"Na kama ameumwa?" nikamwuliza.

"Tunamfunga hapa tumwangalie. Mbwa asiyejulikana akimuuma mwenzake, Bwana, aliyeumwa mara nyingi harudi nyumbani."

Nikasema wangu hajaumwa. Akaniambia vizuri, basi mlete kesho. Nikasema nitamleta.

Ndugu zangu, pale ndipo nilipopewa kuchagua, tena nilipewa mchana kweupe, na mtu mpole, bila haraka. Nilikaa chini ya ukuta wa ile ofisi nikawaza. Nikimleta Poli hapa watamfunga. Wakimfunga Winifrida atauliza sababu, na sababu ni mimi na soga zangu. Na asubuhi ile ile, wakati nafunga mkanda, nilikuwa nimemsikia Winifrida anaimba. Wimbo wa kanisa, kwa sauti ndogo, anamsugulia Poli mgongo. Niambieni nyinyi mngefanyaje. Najua mtasema mngemleta. Haya.

Mimi nikachagua bima ya tatu.

Sisi watu wa Mlimani, wa Kibosho na majirani zake, tuliopo hapa mjini tuna chama chetu. Mtoto wa mwanachama akiugua, akina mama wanashika zamu kwake, mtori, supu yetu ya ndizi, hauishi jikoni, na gari la mwenzetu Pantaleo la kubebea ndizi linakuwa la mgonjwa mpaka apone. Linampeleka atakako kwenda, hakuna anayeuliza. Nikaona, Poli akipata neno, angalau gari ninalo. Nilitaka gari tu. Naapa sikutaka kingine.

Sharti la kumwingiza mtoto ni kusimama. Jumapili baada ya misa, kwenye banda la nyuma ya kanisa, unasimama mbele ya watu unamtaja jina, na wao wanampigia makofi. Basi. Na tangu hapo wewe na mkeo hamwitwi tena majina yenu.

Nikasimama. Nikasema ndugu yangu wa Kibosho ameniletea mtoto mchanga nimlee, anaitwa Polycarp.

Mama Candida, ambaye ndiye mkuu wa akina mama wa chama, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka Ilala, akauliza mama mzazi wa mtoto yuko wapi hata mtoto mchanga akaletwa mjini. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema amefariki.

Shemeji yangu yuko Kibosho, mzima wa afya, anakata majani ya ng'ombe. Jumapili iliyofuata chama kikamtolea misa. Nilipiga magoti na wenzangu nikamwombea pumziko la milele.

Siku ile niliposimama, nilidhani Winifrida atakuja juu. Alikuja juu, alinisema njia nzima ya kurudi kutoka kanisani, hadi tukafika kona ya Msimbazi. Pale tukakutana na Josepha. Josepha ni mjane, anauza ndizi za kupika sokoni, na mtoto wake ni mmoja tu, Angelina, msichana anayeanza kung'oka meno ya utoto. Josepha alitua kapu lake chini, akamkumbatia mke wangu katikati ya barabara, akasema, "Hongera, Mama Poli."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Winifrida mama wa mtu. Wale wetu wawili walikufa kabla ya makofi.

Winifrida akaitika. Akasema ahsante, Mama Angelina. Kutoka pale hadi nyumbani hakusema neno, na mimi sikusema, na habari ya kwenda kukanusha ikafa hivyo hivyo. Kwaresima ilipoingia sikwenda kuungama. Nilijua padri ataniambia nini.

Siku zikapita. Poli akitoa kilio usiku, wapangaji wenzetu wanasema mtoto wa Baba Poli ana tumbo. Kilio cha kitoto cha mbwa na cha mtoto wa mtu, ukuta ukiwa katikati, si rahisi kutofautisha. Nikaanza kuona mambo yamekaa sawa. Hata nikajisifu kimoyomoyo.

Kisha Poli akakataa chakula.

Alilala kwenye pembe, macho mekundu, hataki hata kuitwa. Winifrida akalia kwa sauti, jirani akasikia, jirani akamwambia mtu wa sokoni, na kabla ya adhuhuri Mama Candida alikuwa mlangoni na akina mama nyuma yake, na sufuria ya mtori bado ina moto. Bima yangu imefika. Nilikuwa nimesahau kwamba bima ya chama ina miguu, inaingia ndani.

Nikasema surua. Ndilo neno lililonijia. Mtoto wa surua kwetu hafunuliwi, hapigwi na upepo wala mwanga, kila mzazi anajua. Poli alikuwa kwenye sanduku la viazi, amefungwa khanga mbili, dirisha limezibwa. Akina mama wakakaa mkekani kwenye giza lile wakasali rozari taratibu ili wasimwamshe.

Na Mzee Uwesu akaja. Akabisha hodi, nikatoka nje nikarudisha mlango. Alikuwa amevaa kanzu safi. Akaniambia kwamba yeye ni mtu wa dini nyingine lakini mtoto hana dini, akaomba ruhusa amsomee dua. Alisimama pale pale mlangoni, amefumba macho, amekunjua mikono, akamwombea mbwa, mimi niliyempa mkono kwamba mbwa hataingia kwake nikiwa kando yake. Nilisema amina. Ningesemaje?

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Siku ya zamu ya Josepha, alikuja na Angelina kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Akina mama walikuwa wamejaa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na sanduku, nalilinda. Mama Candida akaniomba nimsogezee kigoda, nikageuka. Nilipogeuka tena Angelina alikuwa amechuchumaa kwenye sanduku, mkono wake umo ndani ya khanga. Nikaona anauchomoa kwa ghafla. Nikaona anatia kidole mdomoni.

Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mama yake kwamba mvua inanyesha.

"Mama, mtoto wao ana mkia."

Kofi la Josepha lilisikika hadi uani. Akampiga la pili. Akamwambia aombe radhi kwa Mama Poli, mtoto wa watu yuko taabani naye anamtukana. Angelina hakuomba radhi. Alinitazama mimi. Alijua kwamba mimi najua. Alikuwa anangoja niseme.

Winifrida alikuwa ameinamisha kichwa. Akina mama wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kunyamaza, na hata kunyamaza kungekuwa dhambi ya kutosha. Mimi nikafungua kinywa.

"Usihangaike, Mama Angelina," nikasema. "Ndivyo walivyo watoto wanaokulia sokoni. Wanajifunza uongo mapema."

Josepha akaona aibu hadi akashindwa kunitazama. Akamshika mtoto mkono wakatoka. Kuna usiku nalisikia lile kofi, lakini maneno yangu nayasikia hata mchana, nikiwa napima viazi.

Siku chache baadaye taya la Poli likalegea. Mate yakawa yanamtoka bila kukoma, miguu ya nyuma haina nguvu, maji akiyaona anajikunyata. Winifrida akasema potelea mbali aibu, mpeleke kwa daktari. Tukamviringisha blanketi, Pantaleo akaleta gari. Nilimwambia daktari mwenyewe ni Mzungu, anatibu kwenye nyumba yake karibu na ofisi ya mifugo, na kwa ajili ya surua yeye asubiri huku barabarani. Pantaleo ni mtu wa kuamini. Aliendesha polepole kila penye shimo ili mtoto asirushwe.

Benjamini alinikumbuka. Alifunua blanketi kwa kijiti, akalitazama lile taya, akavaa mipira mikononi.

"Aliumwa lini?" akauliza.

"Hajaumwa," Winifrida akasema. "Alijikwaruza kwenye kikapu." Kisha akaona ninavyotazama sakafu.

Nikasema yote. Jaa, soga, jibwa, sikio. Winifrida hakunikatiza. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa habari za mtu mwingine.

Benjamini akatueleza bila kutuonea haya. Poli anakufa, na heri asaidiwe afe upesi. Mimi na Winifrida, kwa kuwa mate yake yametugusa mikononi, tuende hospitali leo hii tukaanze sindano. Akauliza kama kuna mwingine. Nikamwona Angelina na kidole chake mdomoni.

"Kuna mtoto," nikasema. "Sijui kama alimuuma au alimshtua tu."

"Basi kamwulizeni mwenyewe. Zile sindano ni nyingi, zinachomwa tumboni, na daktari hamchomi mtoto kwa kubahatisha. Atataka kujua aliumwa au hakuumwa. Lakini msichelewe, Bwana. Maradhi haya yakishaanza kwa mtu hayana dawa."

Tulitoka na blanketi tupu, limekunjwa, Winifrida amelikumbatia kifuani, machozi yanamtiririka. Pantaleo alitutazama mikono. Akavua kofia yake. Akapiga ishara ya msalaba.

Nilitaka kusema. Nilimwambia tu atupeleke upesi sokoni kwa Josepha. Pantaleo akasema ndiyo, Baba Poli, ila njiani akasimama kwa Mama Candida, akaingia ndani mara moja, akatoka anapangusa macho.

Sokoni meza ya Josepha ilikuwa imefunikwa gunia. Nikauliza kulia na kushoto, wananipa pole badala ya jibu. Ikabidi tuende nyumbani.

Nilipokata kona nikaona watu. Uani kwa Mzee Uwesu kumefagiwa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, akina mama wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wamekaa kimya kwenye mabenchi ya kuazima, na fundi seremala wa chama amesimama pembeni na kamba yake ya kupimia, anangoja nimwambie urefu wa mtoto. Mzee Uwesu mwenyewe alikuwa anabeba ndoo ya maji. Mzee aliyekataza mbwa asikanyage uani kwake alikuwa ameutoa ua mzima kwa msiba wa mbwa.

Josepha alitoka kati ya watu, akamwangukia Winifrida kifuani.

"Nisamehe, Mama Poli. Ningemleta Angelina akuombe radhi kabla mtoto hajazikwa. Lakini nimempandisha basi la Moshi leo asubuhi, akakae kwa bibi yake." Akanigeukia mimi. "Ulisema kweli, Baba Poli. Soko lingeniharibia mtoto. Hata jana usiku bado anashikilia ule ule uongo wake wa mkia."

Nawaambia ukweli, hata hapo nilitafuta upenyo. Nikafikiri nimvute Josepha kando, nimwambie kuna mbwa aliingia chumbani siku ile, ndiyo, mbwa wa mtu, pengine alimkwaruza Angelina. Nilikuwa nimeshamshika mkono. Nimeshasema, njoo kando mara moja.

"Sema hapa hapa, Theophil," Winifrida akasema nyuma yangu. "Usiposema, nasema mimi."

Ilikuwa miezi hajaniita Theophil.

Nikapiga moyo konde, nikasema. Nilisema Poli hakuwa mtoto wa ndugu yangu, alikuwa mbwa, amekufa kwa kichaa cha mbwa, na shemeji yangu yu hai. Mtu mmoja akacheka kidogo kwa huruma, akamwambia mwenzake kwamba majonzi yamenipanda kichwani. Kisha wakamtazama Winifrida, na Winifrida akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hakuna aliyecheka tena. Fundi seremala akakunja kamba yake.

Nilimtazama Mzee Uwesu. Alikuwa anautazama ua wake, sehemu baada ya sehemu, kama anayetafuta mahali pa kusimama.

Josepha hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Kwa hiyo mwanangu alisema kweli?"

"Alisema kweli."

"Na wakati nampiga ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwepo, Mama Angelina."

Nikamweleza habari ya kidole na habari ya sindano. Nilipofika kwenye maneno ya Benjamini kwamba maradhi hayo hayana dawa, alitimua mbio kuelekea barabarani, wanawake wakamdaka. Mama Candida akanipa mgongo. Alisema, "Pantaleo, washa gari," na Pantaleo, ambaye alimwendesha mbwa polepole kwenye mashimo, akaenda kuwasha gari bila kunitazama. Winifrida akapelekwa hospitali na wenzake. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Mzee Uwesu akanijia.

"Nenda ukamtafute mtoto kwanza," akasema taratibu. "Habari ya uani tutaizungumza ukirudi."

Josepha na Mama Candida walikaa mbele na Pantaleo. Mimi nikapanda nyuma kwenye majani makavu ya ndizi. Masika yalikuwa yameshaanza, mvua ikanikuta pale nyuma bila turubai, na hakuna aliyeniuliza hali, na ilikuwa haki. Tulikimbia njia ya Morogoro, gari linateleza, mimi najigonga ubavu huku na huku nikimwomba Mungu kitu kimoja tu. Sikumwomba anisamehe. Nilimwomba basi likwame.

Lilikwama. Kabla ya daraja la Ruvu tulilikuta limezama kwenye tope hadi mihimili, abiria wote wako chini, wanaume wanasukuma. Angelina alikuwa amesimama peke yake kando ya barabara, gauni lake la Jumapili limelowa, kifurushi kichwani.

Josepha alishuka gari halijasimama. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya mwanawe, akamshika mikono yote miwili akaigeuza geuza. Sote tuliinama kutazama. Vile ni vidole vya mtoto anayemenya ndizi sokoni kutwa. Vimejaa alama za kisu, za zamani na za juzi, na utomvu mweusi umeganda juu yake. Kovu lipi la kisu, lipi la jino, asingeweza kulijua daktari yeyote. Alijua mtu mmoja tu.

"Angelina, mama," Josepha akasema. "Sikupigi. Sitakupiga tena. Niambie tu. Yule mbwa wa kwa kina Baba Poli, alikuuma kidole?"

Mtoto alimtazama mama yake. Kisha akanyanyua macho akanitazama mimi, kama alivyonitazama siku ile chumbani.

Nikachuchumaa. Nikamwambia, "Sema, mwanangu. Mwongo nilikuwa mimi."

Angelina akavuta mikono yake kutoka kwa mama yake, akaificha nyuma.

"Hakuna mbwa, Mama," akasema. "Yule ni mtoto. Nilisema uongo, sitarudia tena."

Josepha akamsihi, akamwapia, akalia mbele yake. Mama Candida akajaribu. Yule mtoto alirudia maneno yale yale, sawasawa kama alivyofundishwa, hakukosea hata moja. Alipomaliza akanigeukia mimi, akapiga goti kidogo kwenye tope, kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, Baba Poli."